Kichurachura Ruksa, Kujumlisha kwa Miguu Marufuku

Kaoze, huko chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, mchana wa Oktoba bati la shule huwaka kama kikaango. Siku moja nililitoa darasa la pili lote nje, chini ya mwembe. Mzee mmoja alikuwa anapita na baiskeli yake, madumu mawili ya maji nyuma. Alipoona watoto wanaruka, akashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo hakuna kipindi?"

"Kipindi ndicho hiki, mzee. Hesabu."

Akacheka kwa adabu, kicheko cha mtu asiyetaka kumuumbua mwalimu mbele ya wanafunzi. "Haya. Maana mimi wangu nimemleta asome. Kuruka anajua tangu nyumbani."

Nataka kubishana na mzee yule, na si yeye peke yake. Imani yake ndiyo yetu sote: darasa zuri ni lile lililotulia tuli, mikono kifuani, macho ubaoni. Mwalimu mkuu akipita kwenye veranda asisikie sauti, anaendelea na safari yake kwa amani. Akisikia kelele, anachungulia. Hakuna anayechungulia darasa lililo kimya kuuliza kama kuna anayejifunza humo. Mimi mwenyewe nimefundisha miaka mingi nikijisifu kwamba darasa langu ungesikia sindano ikidondoka. Leo najiuliza nilikuwa nafundisha au nachunga.

Chini ya mwembe nilikuwa nimechora mstari kwa majivu ya jiko la uji, nikaandika sifuri hadi ishirini. Binti mmoja, mpole, wa nyuma siku zote, akasimama kwenye nane. Nikamwambia ongeza tano. Akakanyaga palepale alipo, akasema "moja", kisha akaruka: mbili, tatu, nne, tano. Akatua kwenye kumi na mbili. Wenzake wakapiga kelele, akarudi, akarudia vilevile, akatua palepale.

Kwenye daftari la binti huyo kumi na mbili ile nilishaiona mara nyingi, nikaipiga mkasi mwekundu nikapita. Nilidhani hajui kujumlisha. Kumbe anajua vizuri, ila anaihesabu na nafasi aliyosimama. Miguu yake ilinionyesha kwa dakika moja kitu ambacho kalamu yake ilikificha muhula mzima. Nikamwambia: hapo ulipo umeshafika, moja ni hatua ya kwanza. Akaruka tena, akatua kumi na tatu, akageuka kuniangalia kana kwamba nimemficha siri siku zote hizo.

Kinachonichekesha ni kwamba shule zetu haziogopi mwili wa mtoto hata kidogo. Akichelewa namba, anarushwa kichurachura kuzunguka mlingoti wa bendera. Akiongea, anapiga magoti. Asubuhi kuna mchakamchaka, jioni kuna kufyeka, kumwagilia na kubeba maji ya nyumba ya mwalimu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mikono na akili vifanye kazi pamoja. Sisi tukabaki na jembe, akili tukaifungia ndani na chaki. Kwa hiyo mtoto wa Rukwa anaujua mwili wake shuleni kama kitu cha kuadhibiwa na kutumwa. Ukimwambia autumie kufikiri, watu wazima ndio wanaoshtuka.

Na mshtuko huu umewahi kuwa sera. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa waziri wa elimu, mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Serikali ya awamu ya nne ikayarudisha. Lakini ubishi wote ule, wa waliofuta na wa waliorudisha, ulikubaliana jambo moja: michezo ni huku, masomo ni kule. Hata mtaala mpya wa 2023 una Sanaa na Michezo kama somo lenye kisanduku chake kwenye ratiba. Vizuri. Lakini anayezijua shule zetu anajua kisanduku hicho mara nyingi huliwa na nini: usafi wa mazingira.

Sasa hoja ya mzee, maana ina nguvu. Watoto hawa wanatembea kutoka vitongoji vya mbali, wanachunga ng'ombe, wanafukuza ndege kwenye mpunga. Wenzao wa juu uwandani wanapanda maharage kwenye matuta yao ya ntumba kwa upepo ule wa Sumbawanga unaokata masikio. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate dakika 60 za mazoezi kwa siku. Wa Kaoze wengi wanazimaliza kabla ya kengele. Mazoezi ya darasani si ya watoto wa mjini wanaoshinda mbele ya televisheni?

Nakubali, nusu. Kwa habari ya afya sina la kumwuzia mzee. Lakini mstari wa majivu haukuwa dawa ya unene, ulikuwa ubao. Uholanzi walijaribu jambo hili kwa watoto 499 wa shule 12: kwa miaka miwili, mara tatu kwa wiki, hesabu na tahajia zilifundishwa watoto wakiwa wamesimama na kurukaruka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliwaacha nyuma kwa kiasi cha miezi minne ya masomo wenzao waliokaa. Katika kusoma hapakuwa na tofauti, na sitadai ipo.

Wala hatuhitaji kwenda Uholanzi kutafuta mbinu. Watazame wasichana wakicheza mdako wakati wa mapumziko. Shimo dogo, kokoto kumi na mbili ndani, nyingine ya kurusha. Unairusha juu, kabla haijatua umezikomba za shimoni. Unarusha tena, unazirudisha zote ukibakiza moja. Za moja moja zikiisha, unaingia mbili mbili, tatu tatu. Mtoto wa miaka minane anakwambia papo hapo, bila kalamu, kwamba kwenye tano tano zitabaki mbili. Kengele inagonga, anakung'uta sketi, anaingia darasani, anaandikiwa kugawanya kwenye baki, na anashindwa.

Wataniambia darasa lina watoto mia na zaidi, wakati kiwango ni 45 kwa mwalimu. Ni kweli, na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 tumefurika. Lakini mia na ishirini sakafuni, dakika 30, mwalimu hata pa kupita hana: huko ndiko kuna nidhamu? Nje kuna nafasi. Mistari sita, watoto ishirini kila mmoja, majivu ya bure. Mvua ikinyesha wanasimama mahali pao wanapigia silabi makofi.

Mdhibiti ubora mmoja aliwahi kunikuta hivyo. Alisimama kivulini kwa muda, akakagua andalio la somo, akaniandikia kwamba usimamizi wa darasa ni hafifu, wanafunzi wana kelele. Kelele yenyewe ilikuwa "kumi na tatu".