Msilaumu ba mama, tengenezeni maji

Ba ndugu na ba dada wa Baraka, wa Fizi na wa Ubwari,

Kila kukicha tunasikia wimbo ule ule: raia wanakunywa antibiotiki ovyo, ndiyo maana dawa haziponyeshi tena. Sisi vijana tunajibu: huo ni ukweli nusu, na ukweli nusu unamfichia mkosaji.

Tuangalie mama mmoja wa kartie. Mtoto anaharisha. Maji ya nyumbani yametoka mtoni, ndani ya bidoni. Pesa inatosha vidonge vine tu. Kwenye farmasi anapewa amoxi ao sipro, bila kipimo, bila karatasi ya daktari. Pengine mtoto alihitaji tu maji ya chumvi na sukari, lakini nani alimwambia? Siku mbili, dawa imeisha. Huyo mama ndiye adui?

Sasa tufuate ile dawa. Mwili hauimalizi yote. Sehemu kubwa inatoka kwa mkojo na kwa choo ikiwa ingali na nguvu. Choo chetu ni shimo, na wengine hawana hata shimo. Mvua ikinyesha, yote inashuka mtoni, na Mutambala inaingia Tanganyika. Ongeza dawa zilizopita tarehe zinazotupwa jalalani, na maji machafu ya vituo vya afya visivyo na pa kuyasafishia. Ndani ya mto, dawa kidogo haiui vijidudu vyote. Dhaifu vinakufa, sugu vinabaki, vinazaana, vinapitishia vingine uwezo wa kushinda dawa. Inaweza pia kuumiza mimea midogo ya majini ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha ndagala. Kisha asubuhi tunarudi kuchota.

Hii siyo hadithi ya wasomi wasio na kazi. Mwaka 2022 watafiti walitangaza vipimo vya dawa katika mito 258 ya nchi 104, na kati ya sehemu zilizochafuka zaidi kulikuwa na za Ethiopia, siyo mbali na sisi. Kwa mwaka 2019 peke yake, vijidudu sugu vinahesabiwa kuwa viliua moja kwa moja watu karibu milioni 1.27 duniani. Na ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Kinachoingia humo hakitoki kesho.

Kolera inarudi kwetu mwaka kwa mwaka. Kila ikirudi, dawa zinagawiwa, picha zinapigwa, wakubwa wanaondoka, na bidoni inabaki mtoni. Mahali penye maji safi watu wanaugua kidogo. Wakiugua kidogo, wanakunywa antibiotiki kidogo, na mto unapokea kidogo. Kwa hiyo bomba la maji nalo ni dawa, tena ile isiyoleta usugu.

Siyo sadaka tunayoomba. Katiba, kifungu cha 48, inatupa haki ya maji ya kunywa. Kifungu cha 53, haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira iko tangu 2011. Karatasi zipo, kazi ndiyo haipo.

Tunadai:
1. Maji safi na vyoo vya watu wote, tukianza na kartie zinazochota mtoni na ziwani.
2. Kila kituo cha afya kiwe na shimo na tanuru ya kuchomea taka, na mahali pa kusafishia maji machafu.
3. Zoni za afya zikague farmasi, na kuwe sanduku la kurudishia dawa zilizopita tarehe.
4. Maji ya mito na ya ziwa yapimwe, matokeo yabandikwe mahali kila raia anaweza kusoma.

Na sisi tusijifiche. Usinunue antibiotiki kwa kuharisha ao mafua bila kuonwa na muganga. Ukiandikiwa, fuata dozi kama ulivyoambiwa. Usitupe dawa chooni wala mtoni. Tutapita kwenye masoko na shule kusema hivyo, kwa miguu yetu, bila per diem.

Lakini wakubwa wasikie vizuri: mama aliyenunua vidonge vine alifanya alichoweza. Ninyi mmefanya nini?

Sisi vijana raia wa Baraka na Fizi