Nani Atangulie Kupiga?

Tuseme Jumapili hii vijana wa Handeni wamekwenda Korogwe kuwania mbuzi. Dakika 90 zimekwisha, timu ni sare. Mwamuzi anarusha shilingi. Korogwe wanashinda kura, nao wanachagua kutangulia kupiga penalti. Wanafunga, Handeni wanasawazisha. Wanafunga tena, Handeni wanasawazisha tena. Hivyo hivyo hadi mkwaju wa tano, kila kijana wa Handeni hupiga akiwa mdaiwa. Wa mwisho anakosa. Njia nzima ya kurudi Handeni hakuna anayemsemesha garini, na nyumbani baba mtu naye kanuna.

Je, kosa ni la mguu wake peke yake?

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1968, Italia na Urusi ya Kisovieti zilipotoka sare katika nusu fainali ya Ulaya, shilingi iliyorushwa ndiyo iliyowapeleka Waitaliano fainali. Penalti zikakubaliwa mwaka 1970. Kura ikaondolewa katika matokeo, lakini ikabakizwa katika zamu.

Mwaka 2010 wachumi Jose Apesteguia na Ignacio Palacios-Huerta walitoa hesabu ya mapambano 129 ya penalti: timu iliyotangulia ilishinda takriban mara 60 katika kila 100. Wengine waliochambua mapambano mengi zaidi waliona tofauti ndogo mno, na ubishi haujaisha. Nasi wa Mkoa wa Tanga tuna la kukumbuka. Agosti 13, 2023, uwanjani Mkwakwani, Simba na Yanga hawakufungana. Simba wakashinda kwa penalti 3-1, mlinda mlango Ally Salim akipangua mikwaju mitatu. Mikono ya namna hiyo hufuta hesabu zote za zamu. Lakini si kila timu ya mtaa imejaliwa mlinda mlango kama huyo.

Dawa iliyopendekezwa ni nyepesi. Korogwe wapige mmoja, Handeni wapige miwili mfululizo, Korogwe miwili, Handeni miwili, Korogwe miwili, kisha Handeni wamalizie mmoja. Kila upande umepiga mitano, na deni limehama mara kwa mara. Wakubwa wa sheria za kandanda waliujaribu mpango huo mwaka 2017. Mwaka huo Arsenal waliwashinda Chelsea hivyo katika Ngao ya Jamii ya Uingereza. Novemba 2018 waliuacha, wakisema unatatanisha.

Kwangu mimi sababu hiyo ni hafifu. Anayeweza kufuatilia mchezo wa bao hawezi kushindwa kuhesabu mmoja, miwili, miwili. Ligi zina sheria zake, lakini mashindano ya mbuzi huamuliwa na kamati yetu wenyewe. Kalamu ya mwamuzi na kipande cha karatasi vyatosha, mradi manahodha waelezwe kabla ya mpira kuanza, si magharibi, giza likiingia na mashabiki wamekwisha kuvamia uwanja.