Gurudumu lenye moto ni kama mgonjwa mwenye homa



Mtu ataniuliza: muganga anatafuta nini katika freni? Ninajibu: wale ambao freni zimewaangusha barabarani, ni sisi tunaowafunga vidonda.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Motokari yangu ina freni za diski nyuma. Gurudumu la kuume lilipata moto na kutoa harufu mbaya. Nikabadilisha plaketi, nikafurahi. Kisha miezi mitatu zikaisha tena, nikanunua zingine. Siku moja niliporudi kazini, mtoto wangu wa miaka 4 akashika janti, akaungua vidole. Nikaviweka chini ya maji baridi dakika 20, na haya ikanishika. Nilikuwa nikipunguza homa, na ugonjwa ukabaki ndani.

Basi nasema: kubadilisha plaketi bila kujua kwa nini zimeisha upesi ni kutupa feza.

Tafuteni chanzo hivi. Simamisheni motokari pahali pa sawa, zuieni magurudumu ya mbele, inueni kwa kriki, kisha wekeni vyuma vya kuitegemeza. Mtu asiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Legezeni freni ya mkono, zungusheni gurudumu. Linakataa? Fungueni kamba ya freni ya mkono kwenye etriye. Likizunguka sasa, ubaya uko katika kamba. Kama bado, fungueni kidogo visi ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, mpira wa mafuta umeziba ndani. Kama bado linashika, etriye yenyewe ni mgonjwa: pistoni au vyuma vya kutelezea vimeota kutu.

Motokari nyingi ambazo freni ya mkono inavuta etriye ile ile, pistoni ya nyuma hairudi kwa kusukumwa. Inarudi kwa kuzungushwa kama visi. Anayeilazimisha anaiharibu. Na plaketi zinabadilishwa pande mbili, kuume na kushoto.

Sasa neno la afya. Vumbi la freni msilipulize. Plaketi za zamani zilikuwa na amianti, inayoharibu mapafu. Pangusieni kitambaa chenye maji. Mafuta ya freni ni sumu: yasikae katika chupa ya kinywaji, maana mtoto hajui kusoma.

Wengine watasema: fundi ni bei. Ni kweli. Asiyejua kazi hii amwite fundi hata hivyo, na kama feza haijapatikana, motokari ingoje na sisi tuende kwa miguu. Kazini hatukubali mashini yenye freni mbaya kushuka mgodini. Kwa nini tuikubali ile inayobeba watoto wetu kwenda masomoni?

Kazi ikiisha, kanyageni freni mara nyingi mpaka iwe ngumu, ndipo muondoke. Na mkifika nyumbani, sogezeni mkono karibu na kila janti, bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kupita zingine, msingoje kesho.