Toyota SAI na Lexus HS 250h: hiyo haibridi ya kifahari inaokoa nini hasa?

Wadau, ukifungua kurasa za Wajapani wanaouza magari ya mtumba utakutana na mkoko mmoja unaoleta ubishi sana: Toyota SAI, na ndugu yake Lexus HS 250h. Ndani viti vya ngozi, kimya kama chumba cha kulala, nje heshima ya mzee wa wizara, na bado muuzaji anakwambia linakunywa mafuta kama pikipiki. Bei yake inamfanya kijana aliyejibana miaka minne aanze kupiga hesabu. Swali ni je, hiyo hesabu iko sawa? Maana vijisenti vikishapanda meli kwenda Yokohama havirudi.

Tuanze na historia kidogo, maana hili gari lina kisa.

Lexus waliionyesha HS 250h Detroit, Marekani, Januari 2009. Ilikuwa Lexus ya kwanza kuundwa iwe haibridi tu, hakuna toleo la petroli pekee. Injini ni ya lita 2.4, silinda nne, ikishirikiana na mota ya umeme, jumla nguvu za farasi 187. Mwishoni mwa mwaka huohuo Toyota wakatoa SAI kwa ajili ya Wajapani: mashine ileile, umbo fupi kidogo, nembo ya Toyota.

Japani walilipokea kwa vifijo. Lexus walikuwa wamepanga kuuza HS 500 kwa mwezi, mwezi wa kwanza zikaingia oda kama 10,000. Wengi husema ni kwa sababu Mjapani anapenda teknolojia. Sawa, lakini tazama tarehe. Aprili 2009, uchumi wa dunia ukiwa taabani, serikali ya Japani ilifuta kodi mbili za gari jipya kwa mtu anayenunua haibridi, tena ikaweka ruzuku: yen 100,000 kwa gari jipya lisilochafua hewa sana, na yen 250,000 kama unalipeleka skrepa gari lako la zaidi ya miaka 13. Yaani serikali ilikuwa inachangia harusi. Mzee wa Tokyo aliyetaka gari la heshima dogo dogo akaona bora achukue hilo.

Marekani hali ikawa nyingine kabisa. Kule HS ilianzia kama dola 34,000. Sasa kaa na namba hizi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliipima likapata wastani wa maili 35 kwa galoni, ambayo kwa lugha yetu ni kama kilometa 14.9 kwa lita. Toyota Camry Hybrid ya wakati ule, yenye injini ileile ya lita 2.4, ilipata kama 14.5, na bei yake ilikuwa kama dola 26,000. Prius ilipata 21.3 kwa bei ya kama dola 22,000. Ukiwa Mmarekani mwenye akili zako unajiuliza: hizi dola 8,000 juu ya Camry nalipia mafuta yapi? Jibu ni hakuna. Unalipia ngozi, ukimya na nembo.

Na mnunuzi wa nembo naye hakuridhika, maana gari lilikuwa linaendeshwa kama Camry, halina ule mchomoko wa Lexus IS. Likabaki njia panda. Mwaka 2011 Lexus wenyewe wakaleta CT 200h yenye injini ya Prius, bei chini ya dola 30,000, kilometa kama 17.9 kwa lita. Kisha Camry Hybrid mpya ya 2012 ikapanda hadi 17.4 hivi. HS ikaondolewa Marekani mwanzoni mwa 2012, haijamaliza hata miaka mitatu sokoni. Honda nao wakaingia shimo lilelile na Acura ILX Hybrid ya 2013, wakaiacha baada ya toleo la 2014. Ilikuwa na nguvu za farasi 111 tu. Kwa gari la kifahari, jamani!

Japani ndiko lilikodumu. SAI ilitengenezwa hadi mwishoni mwa 2017, HS hadi mwanzoni mwa 2018. Ndiyo maana magari haya yanatufikia kwa njia ya mtumba wa Japani, usukani kulia.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho tangazo halisemi. Kwenye karatasi za Japani SAI imeandikwa kilometa 23 kwa lita, na Prius ya wakati huo imeandikwa mpaka 38. Mdau anaona 23 anaruka juu. Lakini hiyo 23 ni kipimo cha zamani cha Japani cha maabara, gari linatembezwa polepole na kwa adabu zote. Wajapani wenyewe walipoleta kipimo kipya, namba ya gari hilohilo ikashuka chini ya 20. EPA ya Marekani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iko karibu na maisha ya kweli, inasema 14.9. Kwa hiyo anayekuuzia kwa 23 hajadanganya, karatasi inasema hivyo, ila ukipangia bajeti hiyo namba utalia kituo cha mafuta.

Mbona 14.9 ni ndogo hivyo kwa haibridi? Uzito. HS ina kama kilo 1,670, Prius kama 1,380. Unabeba karibu kilo 300 za ziada, yaani watu wanne wazima waliokaa ndani siku zote hawashuki. Viti vya umeme, vizuia kelele, injini kubwa, vyote vinasukumwa na mafuta yako. Anasa ina mizani yake.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Hili gari lina sehemu linapotisha, nayo ni foleni.

Haibridi ya Toyota inafanya kazi hivi: ukisimama injini ya petroli inazimika. Ukitambaa taratibu unatambaa kwa umeme. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na ule mwendo unarudi kwenye betri badala ya kupotea kama joto. Kiyoyozi nacho kinaendeshwa kwa umeme, hivyo injini ikizimika bado unapata ubaridi. Sasa fikiria foleni ya Mbagala kwenda Posta saa 12 asubuhi. Gari la kawaida linaunguza mafuta saa nzima likiwa limesimama. Hili linaunguza vipande vipande.

Namba zinaonyesha. Chukua Lexus IS 250 ya miaka ileile, ambayo injini yake ya V6 lita 2.5 ndiyo ileile iliyomo kwenye Mark X tunayoijua wote. EPA iliipa mjini kilometa 8.9 kwa lita, barabara kuu 12.3. HS: mjini 14.9, barabara kuu 14.5. Umeona? Mjini tofauti ni kubwa mno, safari ndefu tofauti inayeyuka. Ukitembea kilometa 10,000 za mjini, HS inakula lita kama 670, ile V6 kama 1,120. Kwa mfano lita ikiwa shilingi 3,000 (bei kikomo ya EWURA hubadilika kila mwezi, weka yako), umebakiza kama milioni 1 na laki 3 na nusu. Kilometa 10,000 hizohizo za Dar kwenda Mwanza na kurudi zinakubakizia laki 3 na nusu hivi tu. Kwa hiyo mtu wa mikoani anayekula lami ndefu kila wiki asidanganywe na neno haibridi. Mtu wa foleni ya Dar au Nairobi, hapo tunaongea.

Ila jiulize unalinganisha na nini. Kama ulikuwa umedhamiria Mark X au Crown, SAI inakupunguzia maumivu kweli. Kama ulikuwa na mpango wa Prius ukashawishiwa na viti, kila kilometa 10,000 za mjini utachoma lita kama 210 zaidi ya ambavyo ungechoma. Hiyo ni zaidi ya laki 6 kwa bei ya mfano wetu. Hakuna ubaya kuzilipa, ila usiite kubana matumizi. Hapo umenunua raha.

Halafu kuna serikali. Hapa ndipo naona jambo lenyewe lilipo, na halijadiliwi.

Japani ilitumia kodi kusukuma watu kwenye magari haya. Kwetu Tanzania kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwenye gari dogo umeangalia ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 hakuna, kati ya hapo na cc 2,000 asilimia 5, zaidi ya cc 2,000 asilimia 10. SAI ina cc 2,362. Kwa hiyo imewekwa kapu moja na V6 inayokunywa zaidi ya mara moja na nusu yake mjini. Juu ya hapo kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10. Tufanye mfano wa mezani: gari ambalo TRA wanalithamini milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, unafika milioni 12 na nusu. Ushuru wa injini milioni 1 na robo. Ushuru wa uchakavu kama limevuka miaka 10, milioni 3 na laki 7 na nusu. Bado VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo, na tozo nyingine. Bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela, sio baada.

Serikali inasema ushuru wa uchakavu unazuia nchi kuwa jalala la magari chakavu. Hoja ina uzito, hasa ukifikiria betri kubwa zilizokufa zitakwenda wapi, maana hilo nalo halina mwenyewe. Lakini kupima injini bila kupima mafuta inayokunywa ni kama kumtoza mteja wa hoteli kwa ukubwa wa tumbo lake bila kuangalia alichokula. Kama lengo ni kupunguza dola zinazokwenda kununua mafuta nje, huu mfumo unamwambia mnunuzi kinyume. Kenya wao wana ukuta wa miaka 8: kuanzia Januari 2025 gari linaloingia lilitakiwa liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye, na hapo SAI za 2017 kurudi nyuma zikafungiwa mlango. Zilizoko Nairobi ndizo hizo zinazozunguka mikononi.

Mwisho, mambo ya fundi. Betri yake ya volti 244.8 iko nyuma ya kiti cha abiria na inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Vumbi letu likiziba njia ya hewa, betri inapika yenyewe. Ina vipande 34, na kuna mafundi mjini wanaobadilisha kimoja kimoja kilichokufa. Ni nafuu, lakini kipande kipya katikati ya wazee 33 hakileti ujana, baada ya miezi kinafuata kingine. Ukiambiwa "betri imefanyiwa sevisi" uliza imefanywaje.

Breki ndiyo ningeiogopa zaidi. Februari 2010 Toyota waliita takribani magari 437,000 duniani, Prius, HS na SAI zikiwemo, kurekebisha programu ya breki. Juni 2013 wakaita tena kama 242,000, Prius na HS za mwanzo, kwa sababu chombo kinachotunza presha ya breki kilikuwa na hatari ya kuvujisha gesi. Katikati, Juni 2010, HS za Marekani kama 17,000 ziliitwa baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya kule kuipima kwa kuigonga nyuma na mafuta yakamwagika kupita kiwango. Gari lililorekebishwa halina neno. Tatizo ni mtumba ambao mwenye nalo wa kwanza hakujisumbua kulipeleka. Tovuti ya Toyota Japani inaangalia kwa namba ya chesesi: SAI huanza na AZK10, HS huanza na ANF10. Inachukua dakika tano za muda wako wa café.

Mimi msimamo wangu: kwa mtu wa foleni anayetaka gari la heshima na ana akiba pembeni ya betri, SAI ya miaka ya mwisho inakubalika, hasa zile zilizotoka baada ya kubadilishwa sura 2013. HS ya 2009 au 2010 kwa sasa sigusi, ushuru wa uchakavu peke yake unatosha kunitoa. Na kwa anayekopa SACCOS ili "aokoe mafuta", Prius ipo.

Wenye SAI Dar, Arusha na Nairobi, mwageni namba zenu hapa chini: kilometa ngapi kwa lita kwa kujaza tenki mara mbili, na betri imekula shilingi ngapi. Namba za dashibodi msilete, zile zinajipendelea.