Rangi za Kitulo



Juma hili tungependa kuzungumzia jambo dogo lililotokea ofisini kwetu, ambalo limetukosesha utulivu kuliko tulivyotarajia.

Kijana mmoja wa parokia alirudi kutoka Kitulo na picha za maua, nasi tukampa kazi ya kutayarisha kalenda. Wengi wenu mnaifahamu Kitulo: uwanda ulioinuka yapata mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Wataalamu wamehesabu humo aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni za okidi.

Picha ilipigwa wakati wa ukungu, ikatoka imefifia. Kijana akaifungua katika kompyuta, akaanza kurekebisha rangi. Mpaka hapo hatuna ugomvi naye. Wako wanaodai kwamba picha isiguswe kabisa. Hao hawajui kamera ifanyavyo kazi. Katika kamera nyingi za dijitali, kila nukta hupokea rangi moja tu: nusu ya nukta hupokea kijani, robo nyekundu, na robo buluu. Rangi mbili zilizobaki kamera huzikisia kwa kutazama nukta za jirani. Hukisia pia weupe wa mwanga, na chini ya mawingu huweza kukosea, kila kitu kikawa na ubuluu. Anayeuondoa ubuluu huo hasemi uongo. Anairudishia picha kile ambacho jicho liliona.

Lakini kijana wetu hakuishia hapo. Alizichagua nyasi zilizokauka, akazigeuza rangi ya zambarau na waridi, hata uwanda mzima ukaonekana umefunikwa na okidi. Nasi, tukiri, tuliipenda. Tukaibandika mlangoni pa ofisi ili watu waitazame.

Bibi mmoja mzaliwa wa Makete, ambaye hajafika kwao kwa miaka mingi, alisimama mbele yake kitambo. Kisha akatugeukia.

“Baba, kumbe yamerudi!”

Tulichelewa kumwelewa. Kwa miaka mingi viazi vya okidi vimechimbwa katika nyanda zile na kupelekwa Zambia, ambako hupondwa na kupikwa pamoja na karanga, chakula kiitwacho chikanda. Kuyaokoa maua hayo ni mojawapo ya sababu za kuanzishwa kwa hifadhi. Bibi aliyaona yakipungua kwa macho yake mwenyewe, na sasa mlangoni petu alisoma habari njema. Ikatubidi tumweleze kwamba zile ni nyasi.

“Haya, Baba,” akasema, akachukua kikapu chake.

Kwa maoni yetu, mpaka uko hapo. Rangi ni habari. Zambarau ya uwanda ule humwambia anayeufahamu kwamba viazi vimeachwa ardhini, na kahawia humwambia vinginevyo. Tumeambiwa kwamba picha ya kalenda ni pambo tu. Pambo kwa nani? Mgeni ataitupia jicho na kupita. Aliyezaliwa pale ataisoma kama barua kutoka nyumbani. Na watoto wetu, ambao hawajafika Kitulo, watajuaje kwamba kuna kitu cha kulindwa, ikiwa kila picha inawaonyesha kwamba maua yamejaa tele?

Kijana hakukasirika. Tuliifungua pamoja naye ile picha ya awali, tukaondoa ubuluu, na nyasi tukaziacha zibaki nyasi. Mkitazama vizuri, upande wa kushoto chini, mtaona okidi tatu. Kalenda zitapatikana ofisini Jumapili baada ya Misa ya pili. Nakala ya kwanza tumemwekea bibi.