Lubudi: Rangi ya kwenye simu iwe rangi ya kwenye kifurushi

Mwezi wa pili ukielekea kuisha, simu za akina mama wa Lubudi hujaa picha za vikwembe. Tarehe 8 Machi inakaribia na kila kundi linataka kuvaa sare: akina mama wa kanisa, walimu, wauzaji wa soko, wale wa likelemba. Picha zinatoka kwa wauzaji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kwa njia ya WhatsApp. Kundi linachagua, mweka hazina anatuma pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na kifurushi kinapakiwa kwenye gari. Kinapofika na kufunguliwa, ndipo kelele zinaanza: kwenye simu kilikuwa chekundu kama damu, mkononi ni rangi ya udongo.

Muuzaji ana jibu lake tayari: «Picha ni ile ile, mama. Ni telefone yako.» Mara nyingi hadanganyi. Lakini jibu hilo halitoshi, na wauzaji wa kwetu Lualaba wanapaswa kuliacha. Kwa mtu anayenunua kikwembe cha sare, rangi ndiyo bidhaa yenyewe. Anayemtumia rangi nyingine amemtumia bidhaa nyingine, hata kama mchoro ni ule ule.

Na mchoro kuwa ule ule ndilo tatizo la waksi. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, huchapa mchoro mmoja kwa rangi mbalimbali, na viwanda vingine vimefuata desturi hiyo hiyo. Kwa hiyo mama anayeandika «nataka ile ya maua» hajasema kitu bado. Maua hayo yanaweza kuwa dukani kwa rangi nne au tano. Wanawake 20 wakivaa rangi moja na watano wakavaa nyingine, kila mtu barabarani ataona makundi mawili. Na fundi akishapitisha mkasi kwenye pisi ya yadi 6, hakuna wa kuirudisha tena.

Kwa nini picha inapotosha? Sababu ya kwanza ni mwanga. Duka lenye taa ya manjano linafanya nyeupe ionekane kama maziwa yaliyochacha, na bluu inaelekea kijani. Jua la saa sita mchana nalo linafifisha rangi zote. Sababu ya pili ni kamera. Simu inajaribu yenyewe kurekebisha rangi kwa kufuata kile inachokiona, hivyo kikwembe kimoja kikipigwa picha juu ya meza nyekundu, kisha juu ya ukuta mweupe, kinaweza kutoka tofauti. Sababu ya tatu ni kioo cha mnunuzi: mwangaza umepunguzwa ili kulinda betri, au simu imewekwa kwenye hali ya usiku inayoleta umanjano. Zaidi ya hapo, kuna wauzaji wanaoongeza urembo wa programu ili picha ing'ae. Hao hawawezi kusingizia telefone ya mtu.

Hata watu wenye simu za bei kubwa hawakuepuka jambo hili. Februari 2015 picha ya gauni moja kutoka Uingereza ilizunguka dunia nzima. Wengine waliapa kwamba ni jeupe lenye dhahabu, wengine kwamba ni la bluu na nyeusi, na kila mmoja aliangalia picha ile ile. Gauni lenyewe lilikuwa la bluu na nyeusi. Kama picha moja iliweza kuwagawa mamilioni ya watu namna ile, kikundi cha akina mama wa Lubudi wanaochagua jioni, kwa simu tano tofauti, watakubaliana vipi?

Wakaaji wa jimbo hili wanajua vizuri kwamba macho peke yake hayatoshi. Mchimbaji anatambua jiwe la kijani kuwa la shaba na jeusi kuwa la kobalti, lakini kwenye madepo ya Musompo, karibu na Kolwezi, hakuna anayelipa kwa rangi tu. Mzigo unapimwa kwanza, hata kama vipimo vyenyewe huleta ubishi. Ikiwa jiwe linapimwa, kwa nini kikwembe kilichonunuliwa kwa pesa ya likelemba ya miezi mingi kiuzwe kwa picha iliyopigwa haraka haraka chini ya taa?

Dawa yake si ghali. Muuzaji apige picha asubuhi, kivulini, karibu na mlango, bila flashi wala urembo. Aweke karatasi nyeupe kando ya kitambaa: mnunuzi akiona karatasi imekuwa ya manjano, atajua kwamba na rangi ya kitambaa imepotoka. Kila rangi iwe na picha yake, imekunjwa namna moja na kupigwa mahali pamoja, kisha iwepo picha moja inayoonyesha rangi zote zikiwa zimepangana. Kila rangi ipewe namba. Mama akiandika «namba 3, pisi sita», hakuna nafasi ya kubishana. Kando ya namba aandike jina la rangi kwa vitu ambavyo kila mtu anavijua: kijani ya sombe, kijani ya malakiti, nyekundu ya nyanya, kahawia ya udongo. Neno «bluu» peke yake linabeba rangi kumi.

Rangi iliyokwisha iondolewe, au iandikwe wazi kwamba imekwisha. Wengi wanaiacha ili kuvuta wateja, halafu wanatuma «inayofanana» bila kuuliza. Huo si msaada, ni udanganyifu. Tena picha za statusi hupotea baada ya saa 24, na mteja anabaki bila ushahidi. WhatsApp ya biashara ina katalogi ambapo picha, bei na namba vinabaki. Kwa oda ya kundi zima, muuzaji akate kipande kidogo cha kitambaa akitume kwanza. Kipande hicho kinaingia kwenye bahasha, na dereva yeyote anaweza kukibeba.

Wauzaji nao wana malalamiko ya haki. Wapo wateja wanaobadili mawazo, kisha wanasingizia rangi. Wapo wanaochagua usiku wa manane kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Faida ya pisi moja ni ndogo, na nauli ya kurudisha mzigo inaweza kuimeza yote. Ndiyo maana mnunuzi naye ana kazi yake: aongeze mwangaza wa simu, aangalie picha mchana, aonyeshe wenzake, aandike namba, na kifurushi akifungue mbele ya shahidi kabla ya kitambaa kufika kwa fundi. Ikiwa namba iliyotumwa siyo iliyoandikwa, nauli ya kurudisha ni ya muuzaji. Ikiwa namba ni sahihi na mnunuzi ameghairi, nauli ni yake. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya pesa kutumwa.

Kongo ina sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa pia biashara ya kielektroniki. Lakini ni mama gani wa Lubudi atakayepanda gari kwenda kushitaki kwa ajili ya pisi moja, wakati wa mvua, barabara ikiwa matope? Atanyamaza tu. Mwaka unaofuata atasafiri mwenyewe hadi Kolwezi, au atanunua kwa jirani kwa bei ya juu, na atawaambia wenzake wote jina la duka lililomtendea hivyo.

Hapo ndipo muuzaji anapopoteza zaidi ya pisi moja. Mweka hazina wa kikundi naye anapoteza: ndiye aliyeshika pesa za wenzake, na ndiye atakayeulizwa mbele ya wote kwa nini sare si sare. Karatasi moja nyeupe na namba chache zingemwepusha na aibu hiyo.