Uliza Kabla ya Kushika Jembe

Mtu akija kununua mbuzi wako, hamuachani kabla ya kutaja bei. Atamtazama mbuzi meno. Mtabishana kidogo. Mwisho mtakubaliana, na fedha zitahesabiwa mbele ya macho yako. Lakini mtu huyohuyo akikuambia, "Njoo unifanyie kazi," mara nyingi unamfuata bila kuuliza neno. Unasema moyoni, "Tutaelewana hukohuko." Je, nguvu zako ni rahisi kuliko mbuzi?

Maoni yetu ni haya: mapatano ya kazi yafanywe kabla ya kazi, na yaandikwe. Jambo hili linamfaa anayetafuta kazi. Linamfaa pia anayetafuta mfanyakazi.

Tukumbuke manamba

Wakati wa ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji watu wengi. Wenye mashamba walitafuta wafanyakazi mpaka sehemu za mbali, kama Kigoma na Songea. Watu waliochukuliwa hivyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake.

Mfanyakazi wa mkonge alikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Kipande kilikuwa na nafasi 30. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa, ilitiwa alama. Siku usiyomaliza, haikuhesabiwa. Ujira ulipatikana nafasi zote 30 zilipojaa, hata kama mwezi ulikuwa umekwisha zamani.

Wengi wa watu hao hawakujua kusoma. Karatasi iliandikwa na mwingine, wao waliweka dole gumba tu. Leo wewe unajua kusoma. Kwa nini uingie kazini kama mtu wa dole gumba?

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hii inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Maelezo hayo yataje kazi yenyewe, mahali pa kazi, siku ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Kama mfanyakazi haelewi maandishi hayo, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa mpaka aelewe. Basi usiogope kusema, "Hapa sijaelewa, nieleze tena." Hiyo ni haki yako.

Sheria inasema pia kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa wiki. Saa za ziada zina malipo yake, nayo ni makubwa kuliko ya saa za kawaida.

Kuna jambo moja la kuangalia. Sharti la kuandika halimbani mwajiri wa kibarua anayemfanyia kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Lakini sheria haikatazi kuandika. Palizi ya siku 3 inaweza kuleta ugomvi wa miaka 3. Ni heri kuandika.

Maswali ya mtafuta kazi

Kabla ya kukubali kazi, uliza mambo haya sita:

1. Kazi yenyewe ni ipi? Mtu anaweza kuitwa kulinda duka, kisha akaambiwa achote maji na kulisha ng'ombe pia.
2. Kazi itaanza lini na itakwisha lini?
3. Nitafanya kazi saa ngapi kwa siku, na nitapumzika siku gani?
4. Ujira ni kiasi gani? Unahesabiwa kwa siku, kwa mwezi au kwa ekari?
5. Nitalipwa siku gani, na kwa njia gani?
6. Chakula, malazi na nauli ni juu ya nani? Je, vitakatwa katika ujira wangu?

Swali la sita husahauliwa sana. Tuseme kijana ameahidiwa ujira mzuri mjini. Mwisho wa mwezi anaambiwa, "Tumekata chakula, tumekata chumba, tumekata nauli ya kukuleta." Kijana anabaki na fedha za sabuni. Hana la kusema, kwa sababu hakuuliza.

Maswali ya mwajiri

Ndugu msomaji, labda unasema, "Mimi ni mkulima tu, si mwajiri." Je, wakati wa palizi huweki vibarua? Hujampa mtu ng'ombe wako awachunge? Kama umefanya hivyo, wewe ni mwajiri.

Nawe una haki ya kuuliza. Muulize mtu kama amewahi kufanya kazi hiyo. Muulize ni nani anayemfahamu. Muulize umri wake, kwa sababu sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mtoto wa umri huo mwache aende shule.

Lakini yako maswali yasiyofaa kutumiwa kumnyima mtu kazi. Kabila lake halipalilii shamba. Dini yake haikamui ng'ombe. Mwanamke mwenye mimba asinyimwe kazi kwa sababu ya mimba. Sheria inakataza ubaguzi huo. Tazama kama mtu anaiweza kazi, basi.

Wanaopinga wanasema nini?

Wengine husema, "Ukiuliza sana, kazi atapewa mwingine." Ni kweli, jambo hilo hutokea. Kazi ni chache na watu ni wengi. Kwa hiyo uliza kwa adabu, tena kwa maneno machache. Unaweza kusema, "Mzee, nimekubali kazi. Tuandike kidogo ili tusije tukasahau." Mwajiri mwema hatachukia. Na kama amekasirika kwa sababu umeuliza siku ya malipo, fikiri: siku hiyo ikifika, atakuwaje?

Waajiri wengine nao husema, "Karatasi itanifunga." Sivyo. Karatasi inakulinda nawe. Kibarua akidai ekari 3 naye alilima 2, karatasi ndiyo shahidi wako. Tena shauri likifika mbele ya sheria, na mwajiri hana maandishi aliyotakiwa kuwa nayo, mzigo wa kuthibitisha mapatano huwa juu yake. Asiyeandika ndiye anayejifunga.

Kuna na wanaosema, "Huyu ni ndugu yangu, tutaandikianaje?" Andikianeni ili mbaki ndugu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Undugu nao unaweza kupotea hivyo.

Jinsi ya kuandika

Si lazima karatasi iwe ndefu. Tazama mfano huu:

"Leo tarehe ......... mimi ......... nimekubaliana na ......... apalilie shamba langu la mahindi, ekari 2. Kazi itaanza tarehe ......... na kwisha tarehe ......... Malipo ni shilingi ......... kwa kila ekari. Nusu italipwa ekari ya kwanza ikiisha. Nusu italipwa kazi yote ikiisha. Chakula cha mchana ni juu ya mwenye shamba.
Sahihi ya mwenye shamba .........
Sahihi ya mfanyakazi .........
Shahidi ........."

Andikeni nakala mbili, kila mtu akae na yake. Kisha uwe na daftari lako. Kila jioni andika tarehe na kazi uliyofanya. Ukilipwa, andika kiasi. Manamba walitiliwa alama na wengine. Wewe weka hesabu yako mwenyewe.

Jihadhari na wauza kazi

Huja watu vijijini wakisema, "Nina kazi mjini, nipe kwanza fedha kidogo." Usitoe. Nafasi nyingi za kazi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kuomba hakulipiwi. Mtu akikutaka mwili wako ili akupe kazi, hiyo ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa. Katoe habari TAKUKURU.

Mtu akija kumchukua binti yako kwenda kufanya kazi za nyumbani, usimkabidhi mtoto kwa ahadi. Mpeleke mtu huyo kwa mwenyekiti wa kijiji. Aandikwe jina, mahali anapokaa na namba ya simu. Ujira wa binti utajwe hapohapo. Kama hataki kuandikwa, aondoke peke yake.

Ugomvi ukitokea

Kwanza zungumzeni, karatasi ikiwa mezani. Mkishindwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo husikiliza migogoro ya kazi. Usikae ukingoja. Lalamiko la kuachishwa kazi lipelekwe ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ya ujira, yapelekwe ndani ya siku 60.

Ndugu msomaji, umehangaika kujifunza kusoma na kuandika. Umeacha usingizi, umeacha shughuli zako, umekuja darasani. Elimu hiyo isiishie kwenye kuandika jina lako ubaoni. Iandike kwenye mapatano ya kazi yako, ili jasho lako lilipwe.

Zungumzeni darasani

1. Katika kijiji chetu, vibarua hupatana vipi na wenye mashamba?
2. Kwa nini watu wengi huona haya kuuliza ujira?
3. Kila mmoja aandike mapatano ya kazi moja anayoifahamu, kisha amsomee mwenzake.